Ilimu na Ujira: Amana ya Mtafiti Aingiaye Kiwandani

Swali la kwamba ilimu yaweza kutiwa bei au haiwezi si swali la leo, wala halikuletwa na viwanda. Mafakihi wa karne za mwanzo za Uislamu walilijadili kwa habari ya mwalimu wa Kurani: Abu Hanifa alikataza mwalimu kupokea ujira wa kufundisha Kitabu, kwa hoja kwamba ibada haikodishwi, Malik na Shafii wakaruhusu, nasi watu wa pwani, ambao wengi wetu tu wafuasi wa Shafii, tukakua tukiona mwalimu wa chuo akipelekewa ada yake bila ya mtu kudhani kwamba pana jambo la aibu, na hata wafuasi wa Abu Hanifa wenyewe, zama zilipogeuka na mishahara ya baitulmali ikakatika, walirudi wakatoa fatwa ya ruhusa kwa dharura, maana waliona kwamba walimu wakifa njaa, masomo nayo yatakufa. Aidha yafaa ikumbukwe kwamba Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo za hariri katika mji wa Kufa, nchini Iraki, na mtu mwenye duka lake huweza kukataa ujira kwa wepesi kuliko asiye na duka.

Katika zama zetu swali hilihili limemwangukia mtu mwingine kabisa, naye ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika sayansi, ambaye baada ya kukaa miaka minne, mitano au zaidi katika maabara ya chuo kikuu, akilelewa na msimamizi wake katika adabu ya kutafuta ukweli kwa ajili ya ukweli, hutoka na tasnifu yake kwapani akakuta kwamba nafasi za kufundisha ni chache mno, na kwamba mlango ulio wazi mbele yake ni wa kampuni ya dawa, ya mbegu, ya madini au ya mafuta, ambako atapewa mshahara mwema na maabara bora kuliko ile aliyoiacha, kwa sharti kwamba atakachokigundua kitakuwa mali ya mwenye kampuni. Je, mtu huyu akiingia mlango huo amevunja ahadi? Wako walimu wa vyuo vikuu wasemao ndiyo, na husema kwa sauti ya masikitiko, kama baba ambaye binti yake ameolewa pasipo radhi yake. Mimi sioni hivyo. Lakini kabla ya kutoa hukumu hapana budi kutazama kwanza ni kitu gani hasa alichokabidhiwa mwanafunzi yule, maana hiyana haiwezi kupimwa mpaka amana ijulikane.

Mafunzo ya uzamivu kama tuyajuavyo katika sayansi asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1824 kijana mmoja mkemia, Justus Liebig, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja tu, aliteuliwa kufundisha katika mji mdogo wa Giessen, na humo akaanzisha maabara ambamo mwanafunzi hakusomeshwa yaliyokwisha kujulikana peke yake, bali alipewa swali ambalo mwalimu wake mwenyewe hakuwa na jawabu lake, akaambiwa alijibu kwa mikono na mizani. Hilo ndilo badiliko kubwa. Mwanachuoni wa kale alipewa ijaza kwa kuthibitisha kwamba ameyapokea barabara yaliyosemwa na waliotangulia. Mtafiti wa Giessen na wa vyuo vilivyoiga Giessen hupewa shahada kwa kuthibitisha kwamba amesema neno ambalo waliotangulia hawakulisema, na kwamba neno hilo limestahimili kupingwa. Katika miaka ya taabu hiyo hujifunza mambo ambayo hayaandikwi katika cheti: kwamba dhana aliyoipenda sana yaweza kuwa batili, kwamba jaribio lililoshindwa lazima liandikwe daftarini pamoja na lililofaulu, na kwamba siku ya kuhojiwa mtahini hatamwuliza ameona nini tu, atamwuliza pia ni kitu gani kingeweza kumwonyesha kwamba amekosea. Kujua mengi ni jambo dogo, hata vitabu hujua mengi. Amana yenyewe ni kule kukubali kuhukumiwa na ushahidi hata pale ushahidi unapomtia hasara mwenye kuukusanya.

Wenye viwanda vya rangi vya Ujerumani waliitambua thamani ya watu wa namna hii mapema kuliko wengine wote. Carl Duisberg, aliyepata udaktari wake Jena mwaka 1882, aliajiriwa na kampuni ya Bayer punde baada ya hapo, akaja kuwa mkuu wake, na chini ya usimamizi wake wakemia wenye shahada waliwekwa katika maabara kwa makumi, kila mmoja na meza yake, wakitafuta kwa mshahara vitu ambavyo bado havikuwa na majina. Katika maabara hizo, mwezi wa Agosti mwaka 1897, Felix Hoffmann, naye daktari wa kemia wa München, alitengeneza kwa namna iliyo safi dawa iliyokuja kuitwa aspirini, na mnamo wiki mbili hivi akatengeneza pia ile iliyouzwa mwaka uliofuata kwa jina la heroini, ikisifiwa kuwa dawa ya kikohozi. Mikono ni ileile na mwezi ni uleule. Tena njia ya kikemia karibu ni moja. Mtu anayetaka kusema kwamba kiwanda humharibu mtafiti atataja heroini, na anayetaka kusema kwamba humfanya awe na manufaa kwa viumbe atataja aspirini, na wote wawili watakuwa wamemtaja mtu mmoja.

Kwa hiyo tuache jumla, tumtazame mtu ambaye kazi yake imefika mpaka kwetu. William Campbell alizaliwa mwaka 1930 katika Ireland, akasoma Dublin kwa mwalimu aliyempendesha habari za minyoo waishio ndani ya viumbe wengine, kisha akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ambako tasnifu yake ya uzamivu ilihusu mnyoo mkubwa bapa akaaye katika ini la kulungu na kuwashambulia kondoo. Sijui somo lipi lingeonekana la upuuzi zaidi machoni pa mtu wa kawaida. Mwaka 1957, mara alipohitimu, aliajiriwa na kampuni ya dawa ya Merck huko Rahway, New Jersey, akakaa humo zaidi ya miaka thelathini. Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, Satoshi Ōmura, mwana wa wakulima wa Japani ambaye hapo kwanza alikuwa akifundisha shule ya usiku na akaona haya mbele ya wanafunzi waliokuja darasani mikono ingali na mafuta ya viwandani, alirudi kusoma, akapata udaktari, tena akapata wa pili, akawa akiokota udongo popote apitapo ili kutafuta vijidudu vinavyotoa dawa. Mwaka 1973 taasisi yake ya Kitasato ilifanya mapatano na Merck: Wajapani watafute vijidudu, Waamerika wavijaribu. Kijidudu kimoja kutoka udongo wa karibu na uwanja wa gofu wa Kawana kilipelekwa Rahway, wakalishwa panya wenye minyoo, na minyoo wakafa. Kutokana nacho ikapatikana ivermektini, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1981 kwa ajili ya mifugo, ikaitajirisha kampuni.

Hadithi hii ingeweza kuishia hapo, katika daftari la faida. Na lau Campbell angekuwa mfanyabiashara tu, ingeishia hapo. Lakini alikuwa mtu aliyefundishwa kutazama minyoo kwa ajili ya minyoo wenyewe. Katika majaribio ya dawa ile kwa farasi ilionekana kwamba watoto wachanga wa mnyoo fulani wakaao katika ngozi ya farasi wanakufa, na Campbell akajua, kwa kuwa ilimu yake ndiyo hiyo, kwamba mnyoo huyo ni ndugu wa karibu wa yule aletaye upofu kwa wanadamu kandokando ya mito ya Afrika. Akawaandikia wakubwa wake akishauri dawa ijaribiwe kwa ugonjwa huo, ambao wagonjwa wake, kila mtu alijua, hawana fedha za kununua dawa yoyote. Daktari Mohammed Aziz wa kampuni hiyohiyo akaenda Senegali mwaka 1981 kuanza majaribio kwa wagonjwa. Dawa ikafaa. Kampuni ikatafuta mlipaji miongoni mwa serikali na mashirika, ikakosa. Na mwezi wa Oktoba mwaka 1987 mkuu wake, Roy Vagelos, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu na mtafiti kabla ya kuwa mkurugenzi, akatangaza kwamba itatolewa bure, kwa kiasi kitakachohitajika, muda wote itakapohitajika.

Wasomaji wa Mahenge, Tukuyu, Morogoro, Ruvuma na milima ya Usambara wanaujua ugonjwa huo kwa jina la usubi, na wanaijua dawa hiyo. Wamemwona mgawa dawa wa kijiji akija na kijiti cha kupimia, maana vidonge hivi hutolewa kwa urefu wa mtu, si kwa uzito wake, ili asiye na mizani aweze kuvigawa pasipo kukosea. Dawa haimwui mnyoo mzima, ambaye huishi mwilini miaka kumi na zaidi. Huua watoto wake, na kwa sababu hiyo lazima irudiwe mwaka hata mwaka. Mwaka 2015 Campbell na Ōmura walipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Tu Youyou wa China aliyeivumbua dawa ya malaria ya artemisinini, bibi ambaye hana shahada ya uzamivu hata moja. Nalitaja hilo kusudi, wasije wenye shahada wakajivuna kupita kiasi.

Basi katika mfano huu ilimu ilitiwa bei, mtafiti akapokea mshahara wake kila mwezi, kampuni ikapata faida kwa ng'ombe, farasi na mbwa wa matajiri, taasisi ya Kitasato ikapata fungu lake ikajenga kwa fedha hizo hospitali, na mkulima wa Mahenge akameza kidonge bila ya kutoa senti. Ni nani aliyesalitiwa? Mimi simwoni. Wala sitaki msomaji adhani kwamba naisifu kampuni. Kampuni ni chombo, na chombo hufuata mkono. Merck hiyohiyo iliiondoa sokoni mwaka 2004 dawa yake ya maumivu iliyoitwa Vioxx, baada ya kudhihirika kwamba inazidisha hatari ya shtuko la moyo na kiharusi, na mwaka uliofuata wahariri wa jarida la tiba lililochapisha utafiti mmoja wa dawa hiyo mwaka 2000 walilalamika hadharani kwamba matukio matatu ya shtuko la moyo hayakutiwa katika hesabu zilizochapishwa. Matatu tu, lakini daftari la mwanafunzi wa uzamivu lililokosa mistari mitatu ya aina hiyo lingerudishwa na msimamizi mwenye adili siku hiyohiyo.

Hapa ndipo nionapo kwamba walimu wanaosikitika huelekeza masikitiko yao pasipo pake. Wao huuliza nani anamlipa mtafiti, ilhali ingefaa waulize mtafiti amekatazwa kusema nini. Mshahara haukupata kumfanya mtu mwongo ambaye hakutaka kuwa mwongo, na ufukara haukupata kumfanya mtu mkweli. Zipo siri za namna mbili katika kiwanda, na kuzichanganya ni chanzo cha mabishano mengi yasiyo na mwisho. Siri ya kwanza ni ya jinsi kitu kinavyotengenezwa: moto kiasi gani, kwa saa ngapi, kwa kuchanganya na nini. Hiyo ni mali, na fundi wa majahazi wa Lamu aliyefunza mwanawe tu namna yake ya kupinda mbao hakuwa mwizi wa haki ya mtu. Siri ya pili ni ya kile ambacho kitu hicho kinamtendea anayekitumia. Hiyo si mali ya kampuni kwa mkataba wowote, maana mwili unaodhurika si wa kampuni.

Mwaka 1980 Victor DeNoble, daktari wa saikolojia ya majaribio, aliajiriwa na kampuni ya sigara ya Philip Morris huko Richmond, Virginia, ili kutafuta kitu cha kuwekwa badala ya nikotini kisicholeta madhara kwa moyo. Aliifanya kazi yake kama alivyofundishwa chuoni: akaweka panya mahali ambapo wakibonyeza kitufe hupata tone la nikotini katika mshipa, akaona wanarudi kubonyeza tena na tena. Akaandika makala. Jarida la kitaalamu likaikubali, na mwaka 1983 kampuni ikamwamuru aiondoe. Mwaka uliofuata maabara yake ikafungwa, yeye akatolewa, na mkataba wa siri aliouwekea sahihi ukamziba kinywa kwa miaka kumi. Mwezi wa Aprili mwaka 1994 wakuu saba wa kampuni za tumbaku walisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani wakasema kwa kiapo kwamba hawaamini kuwa nikotini humfanya mtu kuwa mtumwa wake. Na mwezi huohuo DeNoble, baada ya kuachiliwa na kifungo cha mkataba ule, alikaa mbele ya kamati hiyohiyo akasema yale aliyoyaona kwa panya. Tazama basi: mafunzo yake yalikuwa hai tangu siku ya kwanza, ushahidi aliukusanya bila ya kupindisha, na aliuandika. Yaliyokufa kwa miaka kumi yalikuwa maneno yake, na yaliuawa na karatasi moja aliyoitia sahihi siku alipoajiriwa, labda bila ya kuisoma vyema, kama ilivyo desturi ya wenye kutafuta kazi. Mapokeo ya dini yetu yameonya kwa ukali juu ya mtu aulizwaye ilimu akaificha, na adhabu iliyotajwa humo ni hatamu ya moto. Lakini onyo hilo, kwa insafu, humhusu zaidi aliyeifunga hatamu kuliko aliyefungwa.

Pengine msomaji atasema kwamba, ikiwa hatari ni kubwa hivyo, heri mtafiti abaki chuoni ambako hakuna wa kumnyamazisha. Lakini mwanafalsafa Spinoza, aliyekuwa akijipatia riziki kwa kusugua vioo vya darubini, alipewa kiti cha falsafa katika Heidelberg mwaka 1673, akakikataa, kwa kuchelea kwamba chuo kitaubana uhuru wake wa kufikiri. Alichagua kazi ya mikono yenye soko kuliko kazi ya ilimu yenye masharti. Na chuo cha leo kina masharti kuliko cha wakati ule: ruzuku huja na maelekezo, cheo huja kwa idadi ya makala, na majaribio yaliyoshindwa, yale ambayo mwanafunzi aliambiwa ayaandike, hayapati jarida la kuyachapisha. Aliye chuoni naye ana bwana.

Zaidi ya hayo iko hoja ya faradhi. Imamu Ghazali, katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha ilimu za dini, aliihesabu tiba na hesabu, hata ukulima na ufumaji, kuwa faradhi za kutosheleza, yaani kazi ambazo zisipotendwa na yeyote jamii nzima hupata dhambi. Na palepale aliwalaumu wanachuoni wa zama zake waliojazana katika fikihi kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikileta ukadhi na uangalizi wa mali za wakfu, huku miji ikiwa haina tabibu Mwislamu. Lau Ghazali angefufuliwa leo akatembea Dar es Salaam au Nairobi, nadhani lawama yake asingeibadili sana. Tunao madaktari wa falsafa katika kemia wanaoongoza idara zisizo na haja ya kemia, na shahada iliyogharimu miaka mitano ya usiku wa maabara imekuwa kwa wengine pambo la kutangulia jina katika bango la uchaguzi. Pareto ya nyanda za juu na karafuu za Pemba husafiri kwa sehemu kubwa zikiwa ghafi au nusu ghafi, zikarudi zikiwa na jina jingine na bei nyingine. Kiwanda cha Kibaha kinachotengeneza viuatilifu vya kuua viluwiluwi wa mbu ni mfano mwema, nao ungepaswa kuwa mmoja kati ya mingi. Kijana wa hapa mwenye shahada ya uzamivu aingiapo kiwandani haikimbii ilimu. Anaitekeleza faradhi ambayo wengi wameiacha ikiwalalia shingoni.

Hukumu yangu basi ni kwamba ujira ni halali, na kiwanda ni mahali pa halali pa kuitumia ilimu, na kwamba dhambi huingia mahali pamoja tu, nako ni pale mtafiti anapokubali kwa hiari yake kwamba madhara aliyoyaona yasisemwe. Kwa sababu hiyo nawaomba wasimamizi wa tasnifu, badala ya kuwasikitikia wanafunzi wanaokwenda viwandani, wakae nao saa moja kabla hawajaondoka na kuusoma pamoja nao mkataba wa ajira. Nawe kijana uliyeitwa kutia sahihi, kitafute kifungu cha siri, kisome mara mbili, uulize mbele ya mashahidi kama kinakuruhusu kuiarifu mamlaka ya dawa au ya viwango utakapoona kitu kinadhuru watu, na wakikujibu kwamba hakikuruhusu, waombe wakibadili. Wakikataa, usiitie karatasi hiyo sahihi.